Jicho la beki wa kushoto: kisa cha skauti mmoja na vijana wawili wa Mbagala

Kisa ninachokichambua hapa kilianza Julai 2024 kwenye kiwanja kimoja cha mchangani huko Mbagala, siku ambayo skauti wa klabu ya Ligi Kuu alitumwa kutafuta winga akarudi na jina la kiungo. Skauti huyo alicheza beki wa kushoto katika ligi yetu kwa misimu kumi, na aliyefuatilia soka la Dar es Salaam kwa makini miaka hiyo huenda akamtambua. Hata hivyo sitamtaja jina, wala klabu yake, wala vijana wawili ambao ndio kiini cha jambo lenyewe, kwa kuwa wote wangali wamo kwenye mpira na mmoja wao bado ni mtoto. Mimi nilikuwa nikimchapia ripoti zake kwenye kompyuta kwa makubaliano ya soda na nauli, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyaeleza yana mkono wangu.

Mechi ilikuwa ya robo fainali ya mashindano ya mtaa, ndondo kama tunavyoyaita, na bingwa alikuwa akisubiriwa na mbuzi pamoja na seti moja ya jezi. Kiwanja hakikuwa na unyasi hata mmoja, na watazamaji walizuiwa kwa kamba ya manila iliyofungwa kwenye vigingi. Skauti alikaa upande wa mbali na meza kuu, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kaunta buku mapajani na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Kama dakika ya 20 hivi, winga wa kulia mwenye namba 7, kijana mrefu mwenye mapaja yaliyojaa, alimzunguka beki wake mara mbili akaachia shuti la chini lililogonga mwamba wa pembeni likaingia. Kiwanja kililipuka. Wanaume watatu waliruka kamba wakaingia ndani kumtunza, wakimchomekea noti za elfu mbili na elfu tano kwenye soksi, na mwamuzi ikabidi asubiri.

Nilipogeuka kumtazama mwenzangu, nikagundua kuwa bao hakuliona. Alikuwa akiandika habari za mtoto mmoja wa timu pinzani aliyevaa jezi namba 14 iliyomfika karibu na magoti, ambaye, wakati mpira ukiwa upande wa pili kabisa wa kiwanja, alikuwa amesogea hatua nne kuziba mahali ambapo pasi ingepita iwapo winga angeamua kutoa badala ya kupiga. Ukurasa ule ninao mpaka leo, na maneno yake ni machache: "14. Anageuza shingo kabla mpira haujamfikia. Dakika kumi, mara 17. Kushoto dhaifu, anajijua, anajipanga mapema. Akipoteza mpira hanuni. Kamwambia beki wake asogee, beki mkubwa katii." Chini yake, kwa kalamu nyekundu, kuna mstari mmoja: "Winga 7. Mbio anazo. Umri?"

Hatuwezi kuelewa kwa nini mtu aliyetumwa kutafuta winga aliangalia kwingine bila kurudi kwenye maisha yake ya uchezaji. Alianza na chandimu vichochoroni Temeke, akapanda kupitia timu za mtaa na ligi za wilaya, na msimu wa 2009/10 akaingia Ligi Kuu na klabu ya mkoani ambayo safari zake nyingi zilikuwa za basi la usiku. Huo ndio msimu ambao Simba ilichukua ubingwa bila kufungwa. Alikuwepo pia 2013/14, Azam ilipofanya vivyo hivyo na kuchukua ubingwa wake wa kwanza, kwa hiyo husema kwa utani kwamba mchango wake katika historia ya soka la nchi hii ni kuwa miongoni mwa walioshindwa kuzifunga timu mbili. Taifa Stars hakuitwa hata mara moja, na hata picha zake za magazetini, ukizitafuta, zinamwonyesha mgongo.

Tatizo lake lilikuwa mbio. Katika ligi ambayo beki wa pembeni alipaswa kukutana na mawinga wenye kasi kama Mrisho Ngassa, na miaka michache baadaye Simon Msuva, yeye hakuwa na kasi ya kumfukuza mtu aliyekwisha mpita. Kocha wake wa kwanza wa Ligi Kuu alimpa dawa kwa sentensi moja ambayo bado anairudia: "Kama huna mbio, anza mapema." Akajifunza kuanza mapema. Alijifunza kumtazama kiungo anayetaka kutoa pasi, si winga anayeisubiri. Kusoma bega na nyonga badala ya mpira. Na kugeuza shingo kila baada ya sekunde chache ili ajue nyuma yake kuna nani. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ameifanya tabia hiyo ya kugeuza shingo kuwa somo la miaka mingi, akichunguza picha za video za viungo wa Ulaya na kuhesabu mara wanazotazama pembeni kabla ya kupokea mpira. Skauti wetu hajawahi kumsikia. Yeye aliihesabu kwa sababu ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba kwa miaka kumi.

Goti lilimwangusha mwaka 2017, kwenye mazoezi, bila kuguswa na mtu. Ilikatika ile kano ya ndani ambayo wachezaji wote siku hizi huiita ACL, na klabu aliyokuwa nayo wakati huo ililipa gharama za picha ya kwanza kisha ikawa haipokei simu. Upasuaji ulilipiwa kwa michango ya wachezaji wenzake na kwa kiwanja cha urithi kilichouzwa Chanika. Alirudi uwanjani kwa msimu mmoja usio na maana, akaacha 2019 akiwa na miaka 32, akaendesha bajaji kwa mwaka mzima kati ya Tandika na Kariakoo. Baadaye alisoma kozi ya awali ya ukocha, na 2021 mmoja wa makocha waliowahi kumfundisha akamwombea kazi ya kusaka vipaji katika klabu ya Ligi Kuu jijini. Mkataba wake ulikuwa karatasi moja yenye kiwango cha posho na sentensi isemayo kwamba atafanya kazi nyingine atakazopangiwa. Mara nyingi kazi hizo zilikuwa kubeba mipira.

Hapa yafaa nieleze usakaji vipaji wa Dar es Salaam ulivyo, kwa sababu picha iliyomo vichwani mwa wengi haifanani na hali yenyewe. Wengi hudhani skauti ni mtu anayemgundua mtoto asiyejulikana. Katika jiji hili hakuna mtoto mwenye kipaji asiyejulikana. Kila mtaa una mzee anayewajua wote, kila shule ina mwalimu wa michezo anayeandaa timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na za sekondari, na kila timu ya ndondo ina mfadhili mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayesema kijana huyu ni mali yake. Hata mfano mkubwa kuliko yote tulio nao, Mbwana Samatta, hauanzii kwa skauti aliyejificha kwenye mchanga: alitoka African Lyon akaenda Simba, na TP Mazembe ikamtaka baada ya kukutana naye uso kwa uso kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011, akiwa mpinzani wao. Walimwona kwa sababu aliwafunga. Kazi ya skauti wa Dar, kwa hiyo, ni kuchuja majina mia ambayo tayari yanapigiwa debe na watu mia wenye masilahi, na kuthibitisha ni lipi la kweli.

Turudi kwenye kisa. Ripoti ilipelekwa klabuni Jumanne. Ilikuwa na kurasa nne nilizozichapa mimi, bila picha hata moja, ikimpendekeza namba 14 kwa timu ya vijana chini ya miaka 20, na kuhusu namba 7 ikisema asiguswe mpaka umri wake uhakikiwe. Kamati ya usajili ilikutana Alhamisi. Katika siku hizo mbili, kipande cha video cha sekunde 40 cha bao la winga, kilichopigwa kwa simu na shabiki aliyekuwa nyuma ya goli, kilikuwa kimezunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kikamfikia kiongozi mmoja wa klabu, na kiongozi huyo alifika kwenye kikao akiwa ameshaamua. Kuhusu namba 14, aliyehudhuria aliniambia kwamba mjadala ulichukua muda mfupi kuliko wa chai. Hoja ilikuwa moja: hana mwili. Vijana wote wawili waliandikwa kuwa na miaka kama 16, mmoja anaonekana mwanaume na mwingine anaonekana wa darasa la sita, yupi angechaguliwa?

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la hesabu kabla halijawa la mpira. Kamati haikuwa ikilinganisha miili miwili ya miaka 16. Winga alileta cheti cha kuzaliwa kinachosema 2008. Kiungo hakuwa na cheti kabisa, na katika kikao hilo nalo lilihesabiwa dhidi yake.

Skauti aliumia, lakini hakugombana na mtu. Jumamosi iliyofuata aliniomba tufuatane Mbagala Kuu, kwa bibi aliyemlea winga. Tulimkuta barazani akichambua mchicha. Tulimwamkia, akaitikia, akatuletea mkeka, na skauti akaanza kwa kumsifu mjukuu wake kwa dakika kumi nzima, jambo ambalo wakati ule niliona ni kupoteza muda. Kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani, walikuwa wanaishi wapi wakati wa mabomu.

Kwa msomaji asiye wa Dar: tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka katika kambi ya jeshi ya Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa, nyumba nyingi zikabomoka, na maelfu wakakimbia ovyo huku watoto wengi wakipotezana na wazazi wao. Hakuna mkazi wa Mbagala wa umri ule asiyekumbuka alikuwa wapi na alikuwa amembeba nani. Kalenda ya mtu inaweza kuchanganyika, ila siku hiyo haichanganyiki.

"Tulikuwa hapa hapa, baba," bibi alisema. "Mimi nilikuwa sokoni. Huyu ndiye aliyemshika mdogo wake mkono wakakimbia na watu mpaka Mtoni. Tuliwapata usiku. Alikuwa anasoma vidudu, bado kavaa sare."

Skauti hakuandika kitu mbele yake. Tulikunywa maji, tukaaga, na tulipofika barabarani akatoa kaunta buku. Mtoto anayesoma vidudu, yaani chekechea, mwaka 2009, anayeweza kumkimbiza mdogo wake kwa mkono kutoka Mbagala mpaka Mtoni, hakuzaliwa 2008. Jumatatu alikwenda shule ya msingi aliyosoma kijana yule, akazungumza na mwalimu mkongwe ambaye alimkumbuka vizuri kwa sababu ya mpira: darasa la kwanza 2010, darasa la saba 2016. Kwa cheti kilichopelekwa klabuni, kijana angekuwa amemaliza elimu ya msingi akiwa na miaka minane.

Kwa mama wa namba 14 tulikwenda siku hiyo hiyo jioni. Yeye hakuhitaji hata kuulizwa mara mbili. Mabomu yalimkuta ndani ya siku arobaini, alisema, na alikimbia na mtoto aliyemfunga kwa khanga kifuani kwa sababu mgongo ulikuwa bado unamuuma. Akaingia ndani akatoka na kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, wino umefifia lakini unasomeka, ikiwa na tarehe ya Machi 2009 na uzito wa kila mwezi kwa mwaka wa kwanza. Mtoto alikuwa na miaka 15 na miezi minne. Aliyelinganishwa naye alikuwa na miaka 20. Asiyekuwa na cheti ndiye aliyekuwa na umri wa kweli.

Ni rahisi sana hapa kumgeuza winga kuwa tapeli, nami sitafanya hivyo. Cheti hakukitafuta yeye. Kilitafutwa na mfadhili wa timu yake, kwa usajili wa kuchelewa ambao kwa familia nyingi ni jambo la kawaida na halali kabisa, ila safari hii mwaka ulishushwa. Kijana aliambiwa kwamba bila "umri wa mpira" hakuna klabu itakayomtazama, na ushahidi wote aliokuwa nao wa maisha ulithibitisha neno hilo. Soka letu limelipa gharama ya jambo hili hadharani. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na kundi zima la watoto ambao hawakudanganya chochote likapoteza mashindano yao. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria, FIFA hutumia picha ya MRI ya kifundo cha mkono kwa mashindano ya umri huo. Kipimo hicho hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kinaonyesha tu kama sehemu ya mfupa inayokua, pale karibu na kiganja, imeshafunga kabisa, hali ambayo ni nadra mno kwa mvulana asiyetimiza miaka 17.

Skauti aliandika ripoti ya pili, ya ukurasa mmoja, akiambatisha nakala ya kadi ya kliniki na maelezo ya shule. Jibu alilopewa kwa mdomo lilikuwa kwamba cheti ni cheti, na kwamba yeye ni skauti, si mpelelezi. Winga akasajiliwa. Mwezi Oktoba, klabu ilipoanza kuzungumza na watu wa nje kuhusu majaribio yake, mmoja wao aliuliza swali lile lile la kalamu nyekundu na akataka picha ya MRI kabla ya mazungumzo yoyote. Picha ilipigwa. Mfupa ulikuwa umefunga zamani. Kijana aliambiwa arudishe vifaa vya mazoezi, bila barua na bila kikao, na hakuna aliyemwomba radhi skauti, kwa sababu kuomba radhi kungekuwa kukiri kwamba ripoti ya pili ilisomwa.

Mpaka hapo kisa kinaweza kusomeka kama hadithi ya mtaalamu aliyepuuzwa na wasiojua, na ndivyo marafiki zake wanavyokisimulia. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja.

Kwanza, ile ripoti ya kwanza ilikuwa mbaya. Naisema kwa uchungu kwa kuwa niliichapa. Kurasa nne za maelezo yaliyopangwa kwa mtiririko wa mechi, dakika kwa dakika, zikimtaka mjumbe wa kamati asome mpaka ukurasa wa tatu ndipo akutane na neno "napendekeza". Jambo zito kuliko yote, yaani kwamba umri wa mmoja una mashaka na wa mwingine unaelekea kuwa mdogo kuliko ulivyoandikwa, lilikuwa katikati ya aya inayozungumzia hali ya kiwanja. Ripoti ya pili, yenye ukurasa mmoja, ndiyo iliyopaswa kwenda kwanza.

Pili, alidharau video. Kwake yeye, video ni ya watu wasiojua kukaa kwenye jua. Ni kweli kwamba kipande cha simu kinaonyesha mpira tu na kinaficha kila kitu ambacho yeye alikuwa akikitazama. Lakini simu alikuwa nayo, na mimi nilikuwa nayo, na dakika tano za kumfuata namba 14 peke yake, tukiacha mpira uende utakako, zingewapa wajumbe kitu cha kushindanisha na bao la winga. Aliwataka watu wamwamini kwa jina lake la uchezaji. Jina la beki wa kushoto asiyewahi kuitwa Taifa Stars halina uzito huo kwenye meza ya kamati, na hilo alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote.

Tatu, na hili tulilizungumza kwa ukali kidogo siku moja tukiwa Mwembeyanga, anawapenda wachezaji wanaofanana naye. Nilipitia kaunta buku zake za miaka mitatu. Karibu kila jina lililopigiwa mstari ni la mchezaji mwenye akili na asiye na mbio, na mawinga wenye kasi wamepewa mstari mmoja mmoja, mara nyingi wa kejeli. Mchezaji aliyestaafu huleta jicho lake kazini, lakini huleta pia na ugomvi wake wa zamani. Yeye alikesha miaka kumi akiwaota watu waliompita kwa mbio, sasa amepata kalamu. Katika kisa hiki upendeleo wake uliangukia upande wa haki, kwa kuwa winga alikuwa na tatizo jingine. Ningependa kujua angeandika nini kama namba 7 angekuwa na miaka 15 ya kweli. Nilimuuliza. Alikaa kimya kidogo, akasema angeandika mistari miwili.

Alipopatia kabisa, kwa maoni yangu, ni katika yale aliyoyafanya baada ya kukataliwa, ambayo hayamo kwenye mkataba wake wala kwenye fikra za wengi kuhusu kazi hii. Agosti alijitokeza mtu aliyejitambulisha kama wakala, akamwahidi mama wa namba 14 kwamba mtoto atasafirishwa kwenda kwenye kituo cha soka ughaibuni kabla ya Desemba, na akaomba fedha za pasipoti. Mama alimpigia skauti. Akamweleza kwa lugha ya kawaida kile kinachosemwa na kanuni za FIFA: mchezaji asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusiana na mpira, na kwa Mbagala hakuna hata moja inayomhusu mtoto wake. Akampa mfano wa Kelvin John, ambaye dunia ilimwona mapema akiwa na timu ya vijana lakini Genk ya Ubelgiji ikamsajili alipotimiza miaka 18 mwaka 2021. "Mpaka Machi 2027, mama," alimwambia, "yeyote anayekuja na ndege, mwulize kwanza yeye ni nani." Fedha za pasipoti hazikutolewa.

Kisha akaenda kwa mwalimu wa timu ya mtaa iliyomlea mtoto tangu akiwa na miaka 12, na huko akakuta jambo ambalo linaniudhi zaidi ya mengine yote katika kisa hiki. Timu haikuwa imesajiliwa popote. Ilikuwa na jezi, mipira mitatu, watoto 40 na daftari la mahudhurio, lakini chama cha soka cha wilaya, TEFA, hakikuwa na habari nayo, na majina ya watoto hayakuwemo kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho la soka nchini, TFF.

Tuifanye hesabu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa miaka 12 na wa 23: robo ya asilimia moja kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na nusu ya asilimia kwa kila msimu unaofuata. Ikitokea mtoto huyu akauzwa siku moja kwa dola 1,000,000, misimu minne ya mtaani pale Mbagala ingekuwa na thamani ya dola 10,000. Kwa timu yenye mipira mitatu, hizo ni fedha za kubadilisha kila kitu. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma kumbukumbu za usajili kwa njia ya kielektroniki na kupanga mgawo kwa kuzifuata. Kituo hicho husoma kilichoandikwa. Msimu ambao mtoto alicheza bila kuandikishwa ni vigumu mno kuuthibitisha baadaye, hata kama mtaa mzima uko tayari kuapa.

Alimsaidia mwalimu kujaza fomu. Walikwenda mara nne, kwa sababu mara ya kwanza ilikosekana katiba ya klabu, ya pili muhuri, ya tatu mtu wa kupokea. Misimu mitatu ilikwisha potea. Ulibaki mmoja, nao ukaandikwa. Katika dirisha dogo, Januari 2025, mtoto alichukuliwa na timu ya vijana ya klabu moja ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, nje ya Dar, kwa sharti lililowekwa na mama, kwa ushauri wa skauti, kwamba asome kidato cha tatu huko huko na ada ilipwe na klabu. Anacheza. Mwili umeanza kuja, kama miili ya watoto inavyokuja.

Mkataba wa skauti uliisha Juni 2025 na haukuongezwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama, na sina ushahidi kwamba kulikuwa na nyingine. Klabu yake haikupata kiungo wala winga, na yeye hakupata hata shilingi kutokana na uhamisho wa namba 14, kwa kuwa skauti hana sehemu katika mgawo wowote nilioueleza hapo juu.

Kilichobaki ni winga. Aliporudishwa Mbagala hakucheza miezi mitatu. Aliona aibu hata ya kupita karibu na kiwanja. Ni skauti aliyemfuata nyumbani, yule yule aliyeandika kwamba asiguswe, akamwambia kwamba mchezaji wa miaka 21 mwenye kasi ile bado ana soko, ila soko la miaka 21. Akamtafutia nafasi ya majaribio katika klabu ya madaraja ya chini ambayo kocha wake walicheza naye zamani, na akamwambia kocha ukweli wote kabla kijana hajavaa viatu. Bibi alikwenda kwa wakili kula kiapo ili cheti kirekebishwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kazi ambayo nayo ina foleni zake. Siku haikumbuki, ila mama wa kijana alijifungua ndani ya mfungo, na mfungo wa 2003 uliangukia mwishoni mwa Oktoba na kuvuka Novemba.

Fomu ya majaribio ilijazwa barazani pale pale kwa bibi, mchicha ukiwa pembeni. Kijana alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa alisita, akamtazama bibi, akaandika Novemba 2003. Skauti alifungua kaunta buku mpaka ukurasa wa Julai, akatafuta kalamu nyekundu, na mbele ya lile neno "Umri?" akaandika 21. Kisha akaongeza mstari wa pili kuhusu mbio zake.